Kabla meila yako haijapiga saa kumi usiku

Juzi Jumapili nilikwenda Michenzani kumtazamia kijana mmoja nodi yake, yaani kompyuta yake iliyomo kwenye mtandao ambamo mashine za watu hupokezana barua. Ana Raspberry Pi, kikompyuta kidogo, ameiweka nyuma ya televisheni ya mama yake, Mystic (programu ya ubao wa barua) inakwenda, binkd (meila, inayopeleka na kupokea barua) inakwenda, mwenyewe kajaa furaha. Nikamwambia hebu nione logi, daftari la kila ilichofanya programu. Tangu Alkhamisi binkd ilikuwa ikiita anwani moja iliyokwisha kufa, usiku na mchana, bila kupumzika. Nikamuuliza orodha ya nodi, yenye anwani za wote, anaipata vipi. Akanifungulia skripti: inapanga faili za NODELIST kwa jina, kisha inachukua la mwisho. Tumo Machi, na yeye alikuwa akisoma orodha ya Desemba.

Skripti ile naijua. Niliiandika mwenyewe mwaka 1998, kwenye DOS, na watu wa nyumba moja ya Wete waliilipia kwa usingizi wao.

Kwa hivyo wanangu, naandika. Nawapenda, na moyo wangu hufurahi nikiona watoto waliozaliwa modemu zimekwisha kuwa vyuma chakavu wanahangaika na paketi, vile vifurushi vya barua, na echo, mabaraza ya mazungumzo. Lakini kila mwaka makosa ni yale yale, na kuyaeleza kwa simu saa tano za usiku kumenichosha.

1. Anwani. Ni kanda:neti/nodi.pointi (ndani ya kanda mna neti, ndani ya neti mna nodi, na pointi yuko chini ya nodi), iandikwe kamili kila mahali, na jina la mtandao nyuma yake. Mlioko fsxNet, mmoja wa mitandao ya namna hii, kanda yenu ni 21, lakini kama kanda ya msingi mmeweka nyengine, msitafute folda ya barua zinazotoka kwa jina la outbound.021. Tafuteni outbound.015, kwa kuwa namba ile huandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa kumi na sita. Barua za 21:1/100 mtazikuta humo kwenye faili linaloanza 00010064. Mwaka huu tu nimeshapigiwa na watu watatu wanaolia kuwa barua zao zimepotea, nazo zimekaa mbele ya macho yao.

2. Nywila. Ya kikao, meila mbili zinapokutana, mbali, ya paketi mbali, na ya paketi haizidi herufi nane.

3. Faili za .bsy. Meila ikianza kushughulika na nodi huweka faili hili ili programu nyengine zisiguse barua za nodi ile, na ikimaliza hulifuta. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hakuna wa kulifuta, na barua za nodi ile hazitoki tena. Kwa visiwa vyetu hili si jambo la mara moja. Tulipokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, nilikuwa nikiwasha jenereta kila magharibi kwa saa mbili, na kwa siku kumi nzima nikamlaumu sisopu (mwenye nodi) wa upande wa pili kwamba hataki kupokea. Nilimwandikia maneno makali. Faili la .bsy la siku ya kwanza lilikuwa limekaa pale pale kwangu. Yafuteni kila kompyuta inapowaka, kabla binkd haijaanza.

4. Saa. Kompyuta haijui saa zetu za Kiswahili. Saa kumi usiku kwake ni 04:00, na ukiiandikia 10:00 itaamka saa nne asubuhi. Waasisi wa Fido, mtandao uliozaa mitandao hii, tangu Tom Jennings alipoianzisha Marekani mwaka 1984, walitaka mashine zipigiane usiku, simu zikiwa rahisi na watu wamelala. Kila kanda ikapewa saa yake ya barua. Ya Afrika, kanda 5, ilikuwa 01:00 hadi 02:00 kwa UTC, saa ya dunia, maana yake hapa kwetu saa kumi hadi saa kumi na moja alfajiri. Zingatieni maneno hayo, watu wamelala, kwa sababu ndiyo yanayonipeleka namba tano.

5. Orodha. Mwaka 1998 tulikuwa watu watano, watatu Unguja na wawili Pemba, na kamtandao ketu wenyewe. Hatukuwamo kwenye orodha ya Fido. Tulichukua programu zao na taratibu zao, tukajipa namba zetu. Meila yetu FrontDoor, modemu za 14.4 za kupitisha data kwenye simu, laini za nyumbani. Mratibu wetu alikuwa bwana mmoja wa Mkunazini, na kila Ijumaa alitoa orodha mpya, mwisho wa jina lake ikiwa namba ya siku ya mwaka, kama ifanyavyo Fido. Ijumaa ya tarehe 25 Desemba ikatoka ORODHA.359. Ijumaa iliyofuata ilikuwa tarehe 1 Januari 1999, ikatoka ORODHA.001. Skripti yangu ilichukua namba kubwa kuliko zote. Basi 008 ikaja, 015 ikaja, 022 ikaja, zote zikaingia kwenye diski yangu na hakuna hata moja iliyosomwa.

Rafiki yangu wa Wete alikuwa amehamia Chake Chake mwisho wa Desemba. Namba ya simu ilibaki na nyumba, na ndani ya nyumba wakaingia watu wengine. Namba yake mpya ilikuwamo kwenye 001. Mie nilikuwa na barua zake, na FrontDoor nilikuwa nimeiambia ijaribu kila dakika kumi ndani ya ile saa moja, bila kikomo cha siku. Mara sita kila usiku.

Nyinyi hamkuijua modemu, basi nikwambieni. Modemu inayopiga haisemi kitu. Hungoja mlio wa mwenzake, na rejista ya S7 ndiyo inayoiambia ingoje sekunde ngapi. Yangu niliipa 60, kwa kuwa laini ya Pemba ilikuwa nzito kushika. Kwa hivyo mtu akiinua mkono wa simu alisikia kimya. Akisema haloo, kimya. Akiweka chini na kurudi kulala, dakika kumi baadaye inalia tena.

Siku zile zilikuwa za Ramadhani. Saa kumi usiku watu wako macho, sufuria la daku liko jikoni, na nyumba ile walidhani kuna jamaa anawaamsha. Ikapita Idi, simu haikukoma.

Mwenye nyumba alikuwa bi mkubwa mmoja aliyekuwa na mtoto wake wa kiume Muscat. Angeweza kuichomoa simu. Hakuichomoa, kwa sababu ile simu ndiyo njia pekee ya mwanawe kumfikia, na mama mwenye mtoto ng'ambo haachi simu ya usiku ilie. Kila usiku aliinuka gizani akishika ukuta, mkono kifuani, akijua kuwa simu ya saa kumi haileti habari ya harusi. Na kila usiku akakuta kimya changu. Walisoma Yasini nyumbani mle. Wakaisoma tena. Mjukuu wake mdogo akawa halali chumba chenye simu.

Katikati ya Februari rafiki yangu alipita pale kuchukua barua zake za posta, akasimuliwa. Akauliza ni saa ngapi hasa. Akaambiwa. Akaenda kunipigia, na hata salamu hakunipa. Aliniambia, "Zima modemu."

Nilizima, nikafungua logi. Ilikuwa wazi muda wote: NO CARRIER, NO CARRIER, NO CARRIER, yaani hakuna modemu iliyojibu, wiki sita. Nilizihesabu zikapita mia mbili. Mie nilikuwa naona barua hazitoki, nikadhani rafiki yangu amezima mashine kwa ajili ya mfungo, kisha kwa ajili ya Idi, kisha nikamkasirikia. Sikufungua logi hata siku moja.

Ijumaa ile nilipanda boti Malindi, nikashuka Mkoani, nikapanda gari mpaka Wete na mfuko wa sukari na halua. Nilipiga hodi sijui naanza vipi. Nilimwamkia bi mkubwa, nikamweleza, mashine, orodha, namba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo hakuna mtu?" Nikamwambia hakuna mtu, ni chombo tu. Akanyamaza kidogo. "Mie nilidhani ni mwanangu anapiga, analia, hawezi kusema." Nililia pale pale barazani, na yeye ndiye aliyenibembeleza, akaagiza niletewe chai.

Kanuni ya Fido ya 1989 ina maneno mawili makubwa: usiwaudhi wenzako kupita kiasi, wala usiwe mwepesi wa kuudhika. Bi mkubwa yule alikuwa akilijua la pili bila kuisoma.

Sasa dawa yake, na ni fupi. Msiamini jina la faili. Fungueni mstari wa kwanza wa orodha, umeandikwa tarehe kamili, namba ya siku na hesabu ya CRC, ya kuhakikisha faili halikuharibika. Programu isome huo. NODEDIFF, faili la mabadiliko ya orodha, nayo mstari wake wa kwanza ni nakala ya mstari wa kwanza wa orodha inayoirekebisha. Isipolingana, simameni, msilazimishe. Ya zamani ikishatumika, itoeni kwenye folda.

6. Mstari wako mwenyewe kwenye orodha. Koma ndiyo inayogawa sehemu, kwa hivyo ukiandika Chake_Chake,Pemba umelisogeza jina la sisopu mahali pa namba ya simu. Andika Chake_Chake_Pemba. Na bendera, zile alama za mwisho wa mstari, zisiseme uongo: ukiwa kwenye intaneti ya simu ya mkononi huna anwani ya hadhara, hakuna atakayekufikia kwenye mlango wa 24554, ule wa binkd, basi usijiandike IBN (napokea kwa intaneti) na CM (napokea saa zote). Jiandike Pvt, nodi ya faragha, uwe unapiga wewe. Hakuna aibu ndani yake.

7. Majaribio. Wekeni kikomo cha mara na muda wa kupumzika, na logi isomwe kila asubuhi, kabla ya chai.

Kijana wa Michenzani tulimrekebishia siku ile ile, na mama yake akatupa mandazi. Alipoliona faili langu la namba zisizopigwa, akauliza ile namba moja iliyomo ni ya nani, na kwa nini ninayo ilhali binkd haipigi simu. Ni ya nyumba ya Wete. Laini yenyewe ilikatwa zamani na modemu sina tena. Kila nikihamia mashine mpya, faili lile ndilo la kwanza kuhamishwa.