Kitunguu saumu hakisafishi maziwa mabichi

Dada wa Masasi, umeuliza kama kitunguu saumu au mlonge ukitiwa kwenye maziwa mabichi huua bakteria sugu. Usitegemee hilo, tafadhali. Maabarani juisi ya kitunguu saumu huzuia bakteria kadhaa, ila hakuna kipimo kilichothibitishwa cha kusafishia maziwa. Bakteria unaowauliza ni sugu kwa antibayotiki, si kwa moto. Chemsha huku ukikoroga. Povu kupanda hakutoshi, subiri yatokote kwelikweli dakika moja. Funika, poza sufuria ndani ya beseni la maji baridi, maana joto la huko huyachachisha upesi. Kata (upawa) iliyogusa maziwa mabichi usiirudishe kwenye yaliyochemshwa.

Mabaki ya dawa ndiyo moto hauyamalizi: ng'ombe akitibiwa kiwele, mwaga maziwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe, na ndama naye usimpe.