Wosia wangu uligeuzwa daftari la madeni

Binti yangu mkubwa alipopata nafasi ya kusomea sanaa Bagamoyo, niliingia duka la vifaa vya shule hapa Ngamiani nikanunua kaunta buku. Nilitaka kumwandikia wosia. Mama yangu alifariki bila kuniachia hata mstari mmoja wa maandishi, nikaapa kwamba wangu hatatoka Tanga mikono mitupu. Nilikesha siku tisa. Watu wakishalala baada ya isha, nabaki mimi, kalamu na kikombe cha chai ya mchaichai.

Miezi minne baadaye nikaenda kumtazama. Nikalikuta kaunta buku langu juu ya ndoo ya maji, limefunguliwa kwa nyuma. Mwanangu anawauzia wenzake ubuyu na kashata, na kurasa za nyuma za wosia ndimo anamoandika wanaodaiwa: dada wa chumba cha pili 500, kaka wa ngoma 1,000, kaka wa ngoma tena 500. Nilisema sikukasirika. Nilikasirika. Nilikunywa maji nikakaa kimya, maana nilikuwa mgeni kwenye chumba cha mtu.

Alipotoka kwenda kununua samaki nikalipekua. Kurasa za mwanzo zilikuwa safi kama zilivyotoka dukani, nyingine bado zimeshikana. Ukurasa mmoja tu, katikati, ulikuwa na mafuta ya vidole pembeni, na umekunjwa ncha. Nitawaambia ni upi, ila kwanza niseme nilikosea wapi, kwa sababu naona wazazi wengi wananiomba niwaonyeshe namna ya kuandika wosia, na wote wanaanza nilipoanza mimi.

Nilianza na amri. Kwa kuwa nimekulia kwenye tenzi, nikaona nitunge: beti za mistari minne, mizani minane kila mstari, mitatu ina kina chake na wa nne unabeba kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nilihesabu mizani kwa vidole huku nakanda unga wa maandazi. Ubeti wa kwanza huu hapa, nauweka mcheke:

Mwanangu shika ibada,
Sala iwe kawaida,
Ujiepushe na shida,
Na mambo ya kuchukia.

Tazama mstari wa tatu. Nani duniani aliyejiepusha na shida? Shida imo humo kwa sababu ilikuwa na "da" mwishoni, basi. Dini niliiweka mbele ili inifanyie kazi ambayo mimi mwenyewe sikutaka kuifanya. Na beti zilikuwa hamsini na kitu za namna hiyo.

Sasa mrudie Mwana Kupona, mama mshairi wa zamani aliyemwachia bintiye wosia wa beti. Wengi tumeukariri utenzi wake bila kuutazama alivyouanza. Aliutunga mwaka 1858 au karibu na hapo, huko visiwa vya Lamu, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mumewe, mtawala wa Siyu aliyepigana na masultani wa Zanzibar, alikuwa ameshafariki. Mwenyewe mgonjwa, na miaka michache baadaye naye akafariki. Hakuanza na "usifanye". Alimwita binti asogee, akamwambia maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata wasaa wa kusema naye neno jema, kisha akamwambia aje na wino na karatasi. Baada ya hapo anamwahidi hirizi na kidani cha lulu na marijani, amvishe shingoni. Sala na adabu zinakuja binti akiwa ameshakaa karibu na mama yake, kalamu mkononi. Mimi nilikuwa nimemwita wangu aje asomewe mashtaka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba ukae naye kwanza. Kama yuko mbali, andika ulipokaa, saa ngapi, nini kinakuuma. Mwili wako uwemo.

Kuhusu utenzi huo huo, msiwafiche vijana beti zinazowasumbua. Binti yangu aliniuliza, akiwa kidato cha tatu, kuhusu pale Mwana Kupona anaposema kwamba siku ya kufufuliwa ataulizwa mume, akitaka uende peponi utapelekwa, akisema motoni huna budi utatiwa. "Mama, na wewe unaamini hivyo?" Wakati ule nilimnyamazisha. Nikamwambia asome, asibishane na wakubwa. Leo ningemjibu: mwanangu, huo ni utenzi, si aya. Ni maneno ya mama mjane, mke wa mtawala, wa zama zake, anayempenda binti yake na anayeijua dunia atakayoishi binti huyo. Yapime kama unavyopima maneno yangu. Ningesema hivyo, labda asingejifunza mapema kwamba mambo ya dini hayaulizwi kwangu.

Wa mwisho wangu, mvulana, hana adabu hiyo ya kunyamaza. Tulikuwa tunasoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, mwana wa huku kwetu, aliyezaliwa mwaka 1909 na kuzikwa Machui mwaka 1962. Ndugu za Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, kwa hiyo mtoto hahitaji kuambiwa nani mbaya, majina yamemaliza. Kilichomshika ni mjeledi. Adili anawachapa kila usiku nyani wawili, nao ndio ndugu zake waliogeuzwa, huku anawahurumia. "Sasa kama ni adili, kwa nini anawachapa?" Tulikaa na swali hilo hadi chakula kikapoa. Sikulijibu vizuri, na sidhani ni kazi yangu kulijibu. Yeye bado analo, analileta hata tukiwa kwenye daladala.

Kuna wanaodhani haya ni mambo ya Waislamu wa pwani peke yetu. Jirani yangu ni mtu wa Magila, Mwanglikana, na ndiye aliyenikumbusha Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogoni, aliyeitia Injili kwenye utenzi kwa mizani hii hii. Jirani anawaandikia wanawe barua ya ukurasa mmoja kila Krismasi. Ukurasa mmoja! Mimi na beti zangu hamsini nilinyamaza.

Basi, ukurasa wenye mafuta. Niliuandika usiku wa nane, nimechoka, vina vimeniishia, nikaandika jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa kijumbe, yaani mkusanya fedha, wa mchezo wa upatu wa akina mama wa mtaani kwetu. Fedha za mzunguko mmoja nikazila: viatu, nywele, na zawadi kwa kijana ambaye sitamtaja. Ilikuwa Ramadhani. Nikiwa na saumu yangu kamili, nikawaambia wale mama kwamba nimeibiwa kwenye basi la Muheza. Walinionea huruma, mmoja akaniletea uji wa kufuturia.

Mama yangu hakuniuliza kitu. Siku ya tatu nikarudi nyumbani nikakuta pembe ya ukumbini iko wazi, pale palipokuwa na cherehani yake. Fedha za mchezo zilikuwa zimelipwa. Hakunisomea aya, hakunitolea hadithi, na hadi anakufa hakulitaja. Nilichopata kukiandika usiku ule ni ubeti mmoja:

Nilikula ya upatu,
Si yangu, fedha za watu,
Mama akauza vitu,
Pasi neno kunambia.

Huo ndio ukurasa alioukunja ncha.

Sisemi mmwage kila kitu. Kuna dhambi za mtu na Mola wake, zibaki huko. Na msiandike kosa lililomhusu mtu aliye hai bila kumwuliza, hapo utakuwa umemfundisha mtoto kusengenya. Lakini kama unataka mwanao aamini kwamba amana ni kitu kizito, mwonyeshe siku ilipokushinda wewe na nani aliilipa.

Mwezi uliopita alikuja likizo na kaunta buku limo ndani ya begi. Madeni ya ubuyu yamefika karibu na katikati. Chini ya ubeti ule kuna maandishi ya penseli, madogo, hayakuwapo nilipolipekua: "Mama, bibi alishonea nini baada ya hapo?"

Jana nimemwandikia jibu papo hapo chini yake. Ilikuwa Singer ya mkono. Baada ya hapo alishona kwa sindano, akikaa mlangoni panapopata mwanga, na uzi alikuwa ananiita mimi nimtungie.