Mbayuwayu wa Kigamboni ataruka tena lini?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi nachora hadithi za picha, nakaa Mbagala. Hadithi yangu mpya ina chombo cha anga cha Wabongo kinaitwa Mbayuwayu, kinabeba watu 6, kinaruka kutoka Kigamboni kinawapeleka kwenye kituo huko juu, kinarudi kinatua kama ndege, na kesho yake asubuhi kinaondoka tena. Mshkaji wangu ananicheka eti mabawa yataungua, nichore kama kibuyu. Mchoro nimekutumia. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jina nimelipenda, na Kigamboni umepatia kuliko unavyojua, maana huku karibu na ikweta dunia yenyewe inavyozunguka inakusukuma kwenda mashariki zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, tena bure, na mashariki yetu ni bahari tupu, kikidondoka kitu hakimwangukii mtu. Waitaliano walishaliona hilo kitambo, walikuwa na jukwaa lao baharini karibu na Malindi, na setilaiti ya Wamarekani iliyorushwa pale Desemba 12, 1970 ikapewa jina Uhuru sababu ilikuwa sikukuu ya Kenya.

Kwahiyo kupanda sio ishu sana. Ishu ni kurudi, na hiyo "kesho yake asubuhi" yako ndo balaa zaidi.

Huko juu chombo kinakimbia kama kilomita 28,000 kwa saa na mwendo wote huo lazima kiumalizie hewani kabla hakijagusa chini. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, pampu kwa nguvu mara kumi alafu shika bomba kule chini, utaona limepata moto. Ndo hivohivo, hewa inayobanwa mbele ya chombo inawaka, na kitu chenye tumbo butu kinaisukumia mbali kidogo na ngozi yake ila chenye ncha kali kinaungua, kwahiyo mshkaji wako kuhusu kibuyu hajakosea. Ila mabawa yanawezekana, Space Shuttle ya Wamarekani ilikuwa nayo, inashuka pua juu, tumbo mbele.

Sasa lile tumbo. Lilibandikwa vigae vya nyuzi za silika, chombo kizima vilikuwa zaidi ya 20,000, vyepesi ajabu, unakitoa kwenye tanuru ndani bado chekundu na unakishika kwenye kona kwa vidole vitupu. Utamu unaishia hapo. Karibu kila kigae kina umbo lake na namba yake, huwezi kuazima cha jirani, na kila wakirudi mafundi wanakagua kimoja kimoja. Walidhani itapiga ruti kama daladala, kumbe haraka yao kubwa kabisa kwa chombo kimoja, kutoka kuruka mpaka kuruka tena, ilikuwa siku 54, mwaka 1985. Na ukaguzi sio mbwembwe: Columbia, moja ya hizo Space Shuttle, ilisambaratika Februari 1, 2003 na watu wote 7 sababu kipande cha povu kisichofika kilo 1 kilichomoka kwenye tangi la mafuta lililokuwa ubavuni mwake wakati wa kupanda kikatoboa bawa la kushoto.

Ndo maana kwenye mchoro wako naona kosa moja kubwa, umempandisha Mbayuwayu ubavuni mwa tangi. Mtoe hapo, mkalishe juu kabisa kichwani mwa roketi asidondokewe na kitu, alafu mpe injini zake za kuikimbia roketi ikileta nuksi. Crew Dragon, chombo cha kampuni ya Kimarekani SpaceX kinachobeba watu tangu 2020, ndo iko hivo, ila yenyewe inatua baharini na maji ya chumvi mtu wa pwani nisimfundishe, si unaona mabati yenu. Mabawa baki nayo.

"Kesho yake asubuhi" futa, andika miezi miwili, na nichoree ukurasa mzima wa fundi kalala chali chini ya tumbo la Mbayuwayu, tochi mdomoni, anatafuta kigae kimoja kilicholegea na abiria wameshaanza kupiga simu.