Uliyekaa benchi, kipaza sauti ni chako pia

Kijana mmoja ameniandikia wiki hii. Goti limemkatalia, timu imemwacha, na sasa anataka kutangaza mpira. Anauliza: "Kaka, mimi sikuwahi kuwa staa, nani atanisikiliza?"

Mdogo wangu, mimi nilikuwa kipa wa akiba kule Kigoma. Nilipoenda kuomba kazi redioni, mkubwa mmoja aliniambia wasikilizaji wanataka majina makubwa. Neno lile liliniingia moyoni, na mpaka leo halijatoka. Baadaye maisha yakanifikisha Milwaukee, Marekani, na katika ghala nilikofanya zamu ya jioni redio ilikuwa na kazi moja: besiboli ya Brewers, timu ya mji huo. Mchezo wenyewe sikuujua. Nilifundishwa na sauti ya mzee Bob Uecker.

Nilipofuatilia habari zake nilishangaa. Uecker alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na muda mwingi alikuwa wa akiba. Alicheza Ligi Kuu misimu 6 tu, 1962 hadi 1967, kwa wastani wa .200: akienda kupiga mara 10, 2 ndizo zinazozaa. Timu yake ya wakati huo, Cardinals, ilipotwaa ubingwa mwaka 1964, fainali zote alidaka mwenzake Tim McCarver. Uecker hakuingia hata mechi moja. Mwaka 1967 aliongoza ligi yake kwa mipira iliyomponyoka, 27, maana alipangiwa kumdakia Phil Niekro, mrushaji ambaye mpira wake uliyumba hewani usijue utatua wapi.

Mtu huyo ndiye aliyeanza kutangaza mechi za Brewers mwaka 1971, katika mji aliozaliwa, na akaendelea hadi 2024. Misimu 54! Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Ford C. Frick, heshima kubwa kabisa ya watangazaji wa besiboli. McCarver naye alikuja kuwa mtangazaji mkubwa, akaipata 2012, miaka 9 baada ya akiba wake. Joe Garagiola, aliyeipata 1991, alikuwa mdakaji vilevile.

Mimi siioni kama bahati. Wakati wa kujilinda, mdakaji ndiye anayeutazama uwanja wote mbele yake, kama kipa. Na wa akiba anatazama zaidi, kwa kuwa hana lingine la kufanya. Kwa hiyo usiniambie hukuwa staa. Niambie uliona nini.

Sasa fanya hivi. Zima sauti ya televisheni, washa simu, urekodi ukitangaza. Taja mpira uko wapi, upande gani, nani anao. Taja matokeo tena na tena, maana kuna mtu amefungua redio sasa hivi. Usipige kelele mpira ukiwa katikati ya uwanja. Utaishiwa sauti bao likiingia. Rudia kila wiki. Vijana wengi wanataka kuajiriwa kabla hawajajisikiliza wenyewe, na hilo linanikera kweli.

Leo natangaza kwa Kiswahili, mtandaoni, mechi za Jumapili za Wakongo, Warundi na Watanzania wa hapa. Wazee wasioweza kufika uwanjani hunipigia simu kabla ya mechi kuuliza tunaanza saa ngapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilidaka mechi ngapi.

Ukisharekodi dakika 90 nzima, nitumie. Nitasikiliza zote.