Kufuli lilibaki limefungwa, stoo ikabaki tupu

Jumanne iliyopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja anayejenga nyumba ya vyumba viwili shambani kwake, upande wa Kilosa, akiniuliza anunue kufuli la aina gani baada ya kuibiwa jenereta na mabati 18. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, kwa sababu swali lake ndilo nililokuwa nikiuliza mimi mwenyewe mwaka 2022, na jibu nililopewa dukani wakati ule, kwamba nichukue kufuli kubwa zaidi, halikuniokolea hata mfuko mmoja wa saruji.

Shamba langu la michungwa liko wilayani Muheza, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka barabara ya lami, na mimi naishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Februari ya mwaka ule nilipakia kwenye lori mifuko 60 ya saruji, nondo 35 za milimita 12, mabati 42 ya geji 28, jenereta, grenda, drili, matoroli mawili, sururu na makoleo, nikavishusha vyote siku moja. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Nilikuwa nimeweka akiba miaka minne, na nilitaka kuona vifaa vyangu vimekaa mahali pamoja. Vijana waliokuwa wakipita waliniomba kazi ya kushusha, nikawapa, nami nikasimama mlangoni nikihesabu kwa sauti mfuko mmoja baada ya mwingine. Jioni ile kijiji kizima kilijua nina nini, kimewekwa wapi, na kwamba mwenyewe naondoka kesho yake alfajiri.

Mlinzi nilimchukua kijana wa ukoo wetu, mtoto wa binamu yangu, aliyekuwa akiniita shangazi na ambaye sikukuu ya Idi alikula nyumbani kwangu. Tulikubaliana mshahara wa kila mwezi. Masika yalipoanza njia ikawa tope, gari halipiti, na mimi nikawa na kazi nyingi ofisini. Zikapita wiki saba sijaenda, na mshahara wake nao nikawa nauahirisha kwa ahadi kwamba nitamlipa kwa mkupuo nikifika.

Nilifika mwishoni mwa Aprili. Kufuli nililokuta ni lilelile, zito, la shaba, nami ufunguo wake nilikuwa nao kwenye pochi. Lilikuwa limelala kwenye mchanga chini ya mlango, bado limefungwa, likiwa limeshikana na komeo lake. Aliyeingia hakuligusa kabisa. Komeo lilikuwa limefungwa kwa skrubu nne, vichwa vyake vikiwa nje, na mwenye bisibisi alizifungua moja moja bila haraka. Hata mbao ya mlango haikuwa na mkwaruzo. Ndani, saruji ilionekana imejaa kama nilivyoiacha. Nilishusha pumzi. Nilipopita ubavuni ndipo nilipoona kwamba safu ya mbele imesimama kama ukuta na nyuma yake hakuna kitu.

Ilibaki mifuko 23 kati ya 60, na nondo 11 kati ya 35. Mabati yote yalikuwa yameondoka pamoja na jenereta na grenda. Nilikaa juu ya toroli nikapiga hesabu, na hesabu ile ndiyo iliyonifungua macho. Nondo moja ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10 na nusu hivi, kwa hiyo nondo 24 ni zaidi ya kilo 250. Mifuko 37 ya kilo 50 ni karibu tani mbili. Mzigo wa namna hiyo hauchukuliwi na mtu mmoja usiku mmoja, tena kwenye njia ambayo gari halipiti. Uliondoka kidogo kidogo, kwa pikipiki, wiki baada ya wiki, mbele ya macho ya watu ambao sikuwahi kuwapa sababu ya kunipigia simu.

Polisi walinipokea vizuri na kunipa RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, lakini waliponiuliza namba ya jenereta iliyoandikwa kwenye injini, sikuwa nayo. Risiti nilikuwa nimeitupa. Mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kijana yule alisema kwamba mfuko wa kwanza aliuuza ili anunue unga, maana mshahara wa Februari na wa Machi haukuwa umefika, na baada ya hapo walioununua wakamrudia wakitaka mingine, naye hakuweza tena kuwakatalia. Alilia. Nami nililia, ingawa si mbele yake. Miaka imepita, lakini nikisikia sauti yake kwenye simu ya ndugu bado kifua kinanibana, kwa sababu kosa lile ni lake na ni langu pia, na sijapata namna ya kuligawa.

Ndiyo maana, dada yangu, sitakujibu kuhusu kufuli kabla sijakuuliza kama mlinzi wako amelipwa mwezi huu. Mlipe. Mlipe tarehe ileile mliyokubaliana, hata kama huendi shambani, hata kama itabidi ukope, kwa maana mtu mwenye njaa aliyelala juu ya mali ya milioni kadhaa umemtwisha mtihani ambao wewe mwenyewe huenda usingeufaulu. Wapo wanaojenga wakijisifu kwamba wamepata mlinzi wa bei rahisi. Nawasihi waache.

La pili ni kutolimbikiza. Nilipoanza upya mwaka 2023 nilinunua saruji ya kazi ya wiki moja tu, na hilo lina faida yake hata pasipo wizi, kwa kuwa saruji ikikaa miezi mitatu kwenye unyevu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Nondo zilipofika, mafundi walizikata na kuzifunga ringi, zile pete za chuma zinazozishika pamoja, siku ileile, kwa maana nguzo iliyokwisha kusukwa haibebeki kwa pikipiki. Mabati niliyaleta siku ya kupaua, mafundi wakiwa tayari juu ya kenchi, na jioni yalikuwa yamegongewa misumari yote. Ncha za nondo na migongo ya makoleo nilizipaka rangi ya kijani, rangi ambayo hakuna mwingine pale anayeitumia, na kila mashine niliipiga picha pamoja na namba yake, nikahifadhi na risiti ya EFD, ile inayotolewa na mashine ya kodi ya dukani. Mnunuzi wa vyuma chakavu akiiona rangi inayojulikana huanza kufikiri, kwa kuwa hata kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Mlango sasa una komeo lililofungwa kwa bolti zinazopenya mbao hadi ndani, na nati zake fundi alizichomelea. Kufuli ni la kawaida tu.

La mwisho, na hapa natamani kila mwenye shamba la mbali anisikie, ni majirani. Safari ya pili sikuanzia stoo. Nilianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikajitambulisha kwa kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji, na bibi mmoja ambaye nyumba yake iko njia panda nilimwachia namba yangu ya simu, nikamwomba anijulishe akiona mzigo unatoka. Pikipiki yoyote inayotoka shambani kwangu lazima ipite mbele ya kibaraza chake. Amenipigia mara mbili tangu hapo, mara zote mbili ni mafundi wangu wakirudisha mashine ya kukodi, nami nilimshukuru kana kwamba amekamata mwizi. Tunajenga kwenye vijiji vya watu huku tukipita na vioo vya gari vimefungwa, halafu tunashangaa kwamba hakuna aliyeona. Teremka, salimia, kaa, kunywa uji wa watu.

Kwako dada wa Kilosa: umeniandikia kwamba bado una mifuko 20 ya saruji na fundi anarudi mwezi ujao. Kabla hujanunua chochote, nenda Jumamosi hii uipange upya juu ya mbao, safu mbili za mifuko kumi, ukiacha njia ya mtu kupita kuzunguka pande zote nne. Njia hiyo itazuia unyevu wa ukutani, na mlinzi akikutumia picha kila jioni utaweza kuihesabu yote, ya mbele na ya nyuma. Mpe mshahara wake siku hiyohiyo, mkononi, na daftari asaini.