Dadu nne au nane, jibu si moja
Sheikh, umeuliza kipi kinamkazia zaidi mchezaji wa dadu: kumdai dadu mbili zilizopata badala ya moja, au kupandisha namba ili ikubaliwe 6 tu. Inategemea ana dadu ngapi mkononi. Hesabu hii ni ya dadu za pande 6, zile zile za ludo ya barazani, na 5 au 6 ndiyo inayohesabiwa kuwa imepata.

Akiwa na dadu 4, nafasi ya kupata angalau moja ni 80%. Ukimtaka apate mbili, inashuka hadi 41%. Ukimwachia moja lakini ikubaliwe 6 tu, 52%. Kwa hiyo hapo kudai mbili ndiko kunakoumiza zaidi.

Mpe dadu 8, mambo yanageuka: moja 96%, mbili 80%, lakini 6 tu inampeleka 77%. Sababu ni kwamba kupandisha namba kunakata nusu ya nguvu ya kila dadu, hata awe na kapu zima, ila sharti la mbili linamezwa na wingi wa dadu.

Msimamizi wa mchezo akitaka kukaza kidogo tu, apunguze dadu moja: 4 kwenda 3 ni 80% kwenda 70%. Watu wengi huisahau njia hii, na mimi naiona ndiyo ya kiungwana. Asichanganye tu 6 peke yake na sharti la mbili kwa mwenye dadu 4, maana anabaki na 13%, na mezani watasema dadu zina mkosi.