Mkata miti, ujira wake na ngazi ya mteja

SWALI: Shehe, assalamu alaykum. Mimi ni mkata miti hapa Bukavu, sina bosi. Watu huniita nikate mti uliozeeka au ulioinamia nyumba. Bwana mmoja wa mtaa wa Muhumba alinipa kazi ya kuangusha mkaratusi mkubwa nyuma ya nyumba yake. Tulipatana dola 80 mbele ya mke wake na sentineli, mlinzi wake. Kazi ilinichukua siku mbili, na tawi moja lilivunja mabati mawili ya jirani. Matawi na vipande vya juu nilivibeba, mke wangu akaviuza kuni. Nilipodai pesa yangu bwana alinipa dola 30. Alisema benki zimefungwa, tena kuni ndizo malipo yangu, tena pesa ya mabati yale ameikata humo humo. Akaongeza kwamba ustadhi wake amemwambia pesa ya kukata miti ni haramu, kwani Mtume amesema mkata mti ni wa motoni. Noti moja ya dola 10 imechanika kona, makambiste, wabadilisha pesa, wote wameikataa. Kwangu kuna ngazi yake ndefu aliyoniazima. Je, kazi yangu ni haramu? Na ngazi naweza kuiuza nijilipe?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Swali lako limeninyima usingizi, na si kwa ajili ya ngazi. Dola 50 zinaweza kulipwa hata kesho. Lakini mtu anapanda mti, kamba kiunoni, panga mgongoni, chini yake mteremko na nyumba za watu, kisha anateremka na kuambiwa kwamba chakula alichowapelekea watoto ni moto! Huyo amedhulumiwa mfukoni na amedhulumiwa katika dini yake. Wala si wewe wa kwanza kuniletea maneno haya. Basi nianze na ustadhi, ngazi itasubiri.

Hadithi anayoitegemea ipo. Ameipokea Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Abdullah bin Hubshi: mwenye kukata mkunazi, Mwenyezi Mungu atakiinamisha kichwa chake motoni. Ustadhi ameishia hapo. Angesoma mbele kidogo tu angemkuta Abu Daud mwenyewe akiulizwa maana yake, naye akajibu kwamba hadithi hii imefupishwa: inamhusu anayekata mkunazi ulioko nyikani, ambao msafiri na wanyama hujipatia kivuli chini yake, akaukata bure na kwa dhuluma, hali hana haki yoyote juu yake. Sasa niambieni, mkaratusi ulioinamia chumba cha watoto, ndani ya parseli, kiwanja, ya mtu, na mwenye parseli ndiye aliyemwita fundi kwa mdomo wake mwenyewe, nyika iko wapi hapo? Msafiri yuko wapi? Dhuluma iko wapi?

Kuna lingine. Hadithi hiyo imepokewa pia kwa njia ya Urwa bin Zubeir. Mwanawe, Hisham, aliulizwa kuhusu kukata mikunazi naye ameegemea nyumba ya baba yake. Akasema: mnaiona milango hii? Imetokana na mikunazi ya Urwa, Urwa alikuwa akiikata katika ardhi yake. Na akasema hakuna ubaya. Mtu aliyeipokea hadithi ndiye huyo huyo aliyekata, na milango ya nyumba yake ikawa shahidi. Na baba wa Urwa, Zubeir bin Awwam, ndiye aliyetupokelea katika Bukhari maneno ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mmoja wenu achukue kamba yake, aje na mzigo wa kuni mgongoni auuze, Mwenyezi Mungu amstiri uso wake kwa huo, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Kamba na kuni, ndugu yangu. Kazi yako imetajwa kwa vyombo vyake.

Na katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Hureira, Mtume alimwona mtu akijigeuza Peponi kwa sababu ya mti alioukata katikati ya njia, uliokuwa ukiwaudhi watu. Ustadhi anamtuma motoni mtu ambaye mwenzake wa kazi ameonekana Peponi.

Najua watanijibu kwa wasia wa Khalifa Abu Bakr alipomtuma kamanda wake Yazid bin Abi Sufyan kwenda Sham: usikate mti wenye matunda. Ule ni wasia kwa jeshi linaloingia katika nchi ya watu, haukuwa sheria ya mtu na mti wa uani kwake. Na hata vitani, walipozingirwa Banu Nadhir, kabila la Mayahudi wa Madina, Qur'ani ilisema katika Suratul Hashr 59:5 kwamba mitende mliyoikata, au mliyoiacha imesimama juu ya mashina yake, ni kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Mtu akitaka kuharamisha kazi ya watu wazima wenye familia, asome kwanza mlango mzima. Kuokota sentensi moja na kumkabidhi tajiri aitumie mlangoni kumnyima kibarua haki yake ni jambo zito sana, na ninamwomba ustadhi huyo, popote alipo, alirudishe neno lake kwa mdomo ule ule.

Jambo moja tu nitalipokea kutoka upande wake, na hili ukalishike. Bukavu yetu ni milima, na kila msimu wa mvua tunazika watu waliofunikwa na udongo. Ukiitwa kukata miti inayoshikilia mteremko juu ya nyumba za wengine, mwambie mteja wazi, na akikataa kusikia, iache kazi hiyo, kwani Mtume amesema hakuna kudhuru wala kulipiza madhara. Ukikata mkaratusi mahali pa mwinamo, kiache kisiki na mizizi yake, utachipua wenyewe. Na akija mtu kukutaka mukate miti ya makala, yaani makaa, ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, ile ni mbuga ya taifa tangu 1970, hakuna mwenye mti pale wa kukupa idhini. Hapo maneno ya Abu Daud yanakuhusu.

Tuje kwenye malipo. Mlipatana dola 80, kuna mashahidi, kazi imekwisha. Deni limesimama. Katika Hadithi Qudsi iliyo katika Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema Yeye mwenyewe ni hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mfanyakazi, akapata kazi yote, asimpe ujira wake. Habari ya benki tunaijua, sote tumebanwa tangu zilipofungwa mwanzoni mwa 2025. Mtu aliyekwama kweli, Qur'ani 2:280 inakutaka umpe muda mpaka apate nafuu. Lakini aliyekwama husema "nina deni lako, nivumilie". Hasemi "huna haki". Bwana huyu amekupa sababu nne kwa mara moja, na mtu mwenye sababu moja ya kweli haihitaji ya pili. Akiwa na pesa huku anakuzungusha, basi hadithi iko wazi: mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhuluma.

Noti iliyochanika irudishe. Yeye anaishi Bukavu kama sisi, anajua kwamba dola yenye kona iliyochanika hainunui hata chumvi. Mtume alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu chini, akasema mwenye kutughushi si katika sisi. Kumkunjia mtu noti ili kona isionekane ni unyevu ule ule chini ya rundo.

Mabati ya jirani yako juu yako, hata kama hukukusudia, maana kosa huondoa dhambi, haliondoi fidia ya mali ya mtu. Lakini unamlipa jirani mwenyewe. Mteja hana ruhusa ya kukukata pesa ya mtu wa tatu akaiweka mfukoni mwake.

Sasa kuni. Hapa nitakuudhi, na ningekuwa nakupenda kidogo ningenyamaza. Mti ni wa mwenye parseli, kuanzia kisiki mpaka jani. Umeandika "nilivibeba". Hukuandika "alinipa". Desturi ya hapa kwetu inatofautiana: wengine humwachia fundi matawi na kushika gogo, wengine hutaka vyote, mpaka vijiti vya kuwashia mbabula, jiko la makaa. Kama aliona mkibeba akanyamaza, na desturi ya mtaa wenu ni matawi kwa fundi, basi ni yako na hadai kitu. Kama mulibeba hayupo, au mulivuka matawi mukafika kwenye gogo, thamani yake ni deni lako kwake. Mama watoto anakumbuka aliuza feranga ngapi; muulize leo kabla hajasahau.

Na hapo ndipo suala la ngazi linapojifunga. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya mtu aliyenyimwa haki yake kisha akapata mali ya aliyemnyima. Wako walioruhusu, na wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wamo, kwa hadithi ya Hind mke wa Abu Sufyan, aliyeambiwa achukue katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na watoto kwa wema. Wako waliokataza, kwa hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi: rudisha amana kwa aliyekuamini, wala usimhini aliyekuhini. Lakini hata nikifuata walioruhusu, wewe huingii. Haki ya Hind ilikuwa wazi, haina mgogoro. Yako imechanganyika na kuni ambazo hazijahesabiwa, hujui ni dola 50 au 38. Na ngazi hukuipata njiani, alikupa mkononi uifanyie kazi yake. Ukiiuza, kesho Muhumba nzima itasikia kwamba fulani ni mwizi wa ngazi, na hakuna atakayeuliza habari ya dola 50. Katika kazi yako watu wanakufungulia geti la nyumba zao. Binti wa yule mzee wa Madyan, alipomshauri baba yake amwajiri Musa, alitaja sifa mbili tu: mwenye nguvu, mwaminifu. Nguvu unayo, nimeiona kwenye barua yako.

Basi fanya hivi. Hesabu kuni. Mlipe jirani, au mupatane naye kidogo kidogo. Kisha nenda kwa bwana pamoja na shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, na mzee mmoja anayeheshimika kwake, umweleze mbele yao: hizi ni zako za kuni, hizi ni zangu za kazi, hii noti ibadilishe. Usipandishe sauti, mkewe ni shahidi wako, usimtie aibu akaogopa kusema. Akikataa mbele ya watu hao, una haki ya kumshitaki bila kuona haya. Na kazi ijayo, kabla mguu wako haujaacha ardhi, andikeni kwenye karatasi, kama inavyoagiza aya ndefu ya deni, Baqara 282: bei, nani anachukua matawi, nani gogo, nani anabeba, na dirisha au bati likivunjika itakuwaje. Mteja atakayekataa kuandika mistari mitano, mwachie mti wake.

Ngazi iende kabla ya yote hayo, wala usiifunge na deni. Kama unaogopa kufika pale peke yako, pita msikitini baada ya swala ya alasiri. Mlima wa kwenda Muhumba si mchezo, tutaibeba wawili.